Lundo la Mawe Husomwa Pembeni: Kutambua Makaburi ya Wafugaji wa Kale Katika Nyanda za Juu za Bonde la Ufa

Ukitembea migongo ya vilima kati ya Naivasha na Nakuru, au nyanda za juu zinazoizunguka kreta ya Ngorongoro, mawe yaliyorundikana hayakosi. Baadhi ni makaburi ya wafugaji walioishi huku zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Mengine, na ndiyo mengi, ni mawe ya shamba tu, au alama ya wapimaji wa ardhi, au jabali lililopasuka lenyewe bila mkono wa mtu. Mgeni wa kazi hii wiki ya kwanza huona makaburi kila mahali. Wiki ya pili, akishasahihishwa mara tatu, haoni hata moja. Kosa ni lile lile kote kuwili: anatazama kilele cha lundo, kimo chake na umbo lake kwa mbali, badala ya kupiga magoti ukingoni, pale jiwe la chini linapokutana na udongo.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini. Makaburi ya mawe ya wafugaji wa kale hayafanani kote. Huko Turkana, miaka ipatayo 5,000 iliyopita, watu walijenga majukwaa makubwa yenye nguzo za mawe. Lile la Lothagam North lina upana wa kama mita 30, na watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walikadiria kwamba limezika watu wasiopungua 580. Anayekwenda Mau au Loita akiwa na picha hiyo kichwani atapita juu ya makaburi bila kuyaona. Ya huku juu, ya kipindi cha kuanzia kama miaka 3,300 hadi 1,200 iliyopita, ni madogo na manyenyekevu: duara au yai la mawe, mara nyingi upana wa mita 3 hadi 10, kimo chake goti au kiuno, na mengine yamezama hata hayafiki goti. Chini yake mtu amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, pengine na bakuli la jiwe, shanga, ngeu (udongo mwekundu), au vipande vya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano. Hans Reck, mtafiti wa Kijerumani, aliyaona ya Ngorongoro mwaka 1913. Mwanaakiolojia Louis Leakey alichimba ya Nakuru na Elmenteita mwishoni mwa miaka ya 1920, na mkewe Mary akachimba Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mwaka 1937 na 1938.

Si kila mtu wa zama hizo alizikwa chini ya lundo. Kwenye pango la mto Njoro, Mary na Louis Leakey walikuta mabaki ya makumi ya watu waliochomwa moto, pamoja na mabakuli, michi na mawe ya kusagia. Kwa hiyo kilima kisicho na lundo hata moja hakisemi kwamba hapakuwa na watu.

Mahali pa kutafuta. Wengi hukimbilia kileleni, na kileleni ndiko kwenye bikoni, zile alama za wapimaji. Sisi huanzia begani: pale mgongo wa kilima unapovunja mteremko na kuwa tambarare kidogo kabla ya kupanda tena, au kwenye pua ya kilima inayochungulia bonde. Aliye bondeni huona lundo lililokaa hapo limechomoza mbinguni, ingawa kilele halisi kiko mbali nyuma yake. Lakini tusijidanganye. Tunayakuta mengi kwenye migongo kwa sababu trekta haifiki huko. Sakafu ya kreta ya Ngorongoro ni tambarare na makaburi yapo, maana haikulimwa kwa trekta. Bondeni kwenye ngano na mahindi yalikuwepo pia. Yamekwenda na plau.

Nyumbani, kabla ya kutoka, fungua picha za satelaiti za mwishoni mwa kiangazi. Picha nzuri za bure huwa na chembe ya kama nusu mita, kwa hiyo lundo la mita 4 ni vidoti vinane tu kwa upana. Usitarajie kuona mawe. Unachotafuta ni doa la mviringo lenye kivuli upande mmoja, au kichaka kimoja cha leleshwa kilichosimama peke yake kwenye nyasi. Leleshwa hupenda mawe. Lundo humpa hayo. Tia alama, uende ukaone. Kati ya alama kumi, mbili zikikubali umefanya vizuri.

Uwanjani, wakati ni kila kitu. Jua la saa sita mchana hulisawazisha lundo la nusu mita likawa si kitu. Tembea tangu kupambazuka hadi saa tatu, kisha kuanzia saa kumi jioni. Msimu bora ni baada ya nyasi kuungua au kuliwa na ng'ombe, kabla ya mvua za masika. Pangeni mstari, mtu na mwenzake mita 20 kama nyasi ni fupi, mita 10 zikifika gotini, na mpande mlima badala ya kuushuka: anayepanda huona lundo kwa ubavu, anayeshuka huona mgongo wake tu na kulichukua kama nyasi zilizosimama. Mkifika mwisho rudini kwenye mgongo ule ule jua likiwa upande wa pili. Kila mara hutokea moja lililojificha kwenye mwanga wa asubuhi.

Sasa, umelikuta. Usipande juu yake. Lizunguke mara ya kwanza ukiwa hatua tano mbali, mara ya pili ukiwa umeinama.

Cha kwanza kutazama ni ukingo. Aliyejenga kaburi kwa kawaida alianza na mzingo wa mawe makubwa, kisha akajaza madogo ndani. Mzingo huo ndio unaobaki hata lundo lilipoporomoka. Fuata mawe ya nje kwa vidole, uhesabu yapi yanamgusa jirani yake. Yakigusana kwa zaidi ya nusu ya duara, mkono wa mtu upo. Yakiwa yametawanyika, makubwa na madogo yamechanganyika, nje sawa na ndani, shuku. Tazama pia uzito. Mawe ya shamba ni yale ambayo mtu mmoja ameyaokota na kuyatupa: ngumi, kichwa, basi. Kwenye mzingo wa kaburi utakuta jiwe linalotaka watu wawili, na halikutupwa, limelazwa kwa upande wake bapa.

Cha pili ni jinsi mawe yalivyokaa kwenye udongo. Lundo la juzi limekalia nyasi. Ukipenyeza kidole chini ya jiwe la ukingoni kinaingia. La kale limezama, theluthi au nusu ya jiwe la chini iko ardhini, na nafasi kati ya mawe zimejaa vumbi lililoota nyasi. Ligonge kidogo kwa kiganja. Lundo jipya hulia, mawe yanagongana kwa sababu ndani ni tupu. La kale liko kimya.

Cha tatu tunakiamini kuliko vyote, na wengi hawakitazami: tofauti ya udongo kati ya upande wa juu wa mteremko na upande wa chini. Mvua ya miaka mingi huteremsha udongo, lundo linauzuia kama kizingiti, nao unajikusanya nyuma yake. Upande wa chini maji huchokora. Weka fimbo iliyonyooka upande wa juu na nyingine upande wa chini, vuta uzi kati yake, uusawazishe kwa pimamaji dogo, kisha pima kimo cha uzi kutoka ardhini kila upande. Toa mteremko wa kawaida wa pale, ambao unaupata kwa kupima hivyo hivyo hatua kumi pembeni pasipo na lundo. Kinachobaki ni udongo ulionaswa. Ukipata sentimita 20 au 30, lundo hilo limekaa hapo vizazi na vizazi. Tahadhari ni moja: penye shamba la mteremko, plau inaweza kurundika udongo kiasi hicho kwa misimu michache. Kwa hiyo kipimo hiki ni cha malisho, si cha shamba.

Likeni, ule ukoga mkavu wa kijivu na rangi ya chungwa unaoshika mawe, hudanganya watu wengi. Wanaona jiwe limefunikwa wanasema "la kale". Jiwe lilikuwa kale hata kabla ya kuokotwa. Likeni inaweza kuwa imekuja nalo. Faida ya likeni ni nyingine. Ukiiona imebanwa kati ya jiwe na jiwe, au imetazama chini kizani ambako haiwezi kuota, ujue jiwe limegeuzwa si zamani. Na ukiona mikwaruzo mirefu yenye rangi ya kutu, hapo plau ya trekta imepita juu ya jiwe hilo kabla ya kutupwa. Mikwaruzo miwili au mitatu ya namna hiyo hutosha kulitoa lundo kwenye orodha.

Tukija kwenye yanayodanganya, la kwanza ni hayo mawe ya shamba. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa upande wa Tanzania, kuna mashamba ya umwagiliaji yaliyoachwa karne kadhaa zilizopita, kama kilomita za mraba 20, na ndani yake malundo ya mawe yasiyohesabika yaliyookotwa ili ardhi ilimike. Ukubwa wake ni ule ule wa makaburi, na yamezama vizuri tu, maana yana umri. Kinachoyatofautisha ni jirani zake. Mawe ya shamba huja kwa mpangilio wa kazi: lundo baada ya lundo kwa umbali unaokaribiana, yakifuata kingo za vitalu na mifereji, na mara nyingi yamerushwa juu ya jabali lililokuwa limechomoza tayari, kwa kuwa hapo hapakuwa na cha kulima. Kaburi haliwekwi juu ya jabali tupu lisilo na udongo. Tembea kati ya malundo uangalie chini: ardhi iliyosafishwa haina kokoto kubwa. Ardhi ya kati ikiwa imejaa mawe kama kawaida, hakuna aliyekuwa anasafisha kitu.

La pili ni mashimo ya Sirikwa, yanayojaa kwenye nyanda za juu za magharibi ya Kenya na hata Hyrax Hill kwenyewe. Hayo ni mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa kwenye mteremko, sahani ya udongo yenye upana wa mita 10 hadi 20. Tope na samadi vilisukumwa nje kupitia mlango wa upande wa chini na kuwa kichuguu. Nyasi zikiwa ndefu, shimo halionekani, kichuguu kinaonekana, na mtu anaandika "kaburi". Ukikuta kichuguu laini kisicho na mzingo wa mawe, panda hatua 15 juu ya mteremko utazame kama umesimama ukingoni mwa sahani.

Bikoni za wapimaji ni rahisi: ziko kileleni kabisa, mawe yamepangwa kwa koni iliyosimama wima, na katikati mara nyingi pana bomba la chuma au saruji. Tatizo ni kwamba mpimaji alikuwa mvivu kama sisi sote. Akikuta mawe yamerundikana tayari, alijenga koni yake juu ya hayo hayo. Kwa hiyo bikoni haikufungi mdomo. Tazama ukingo chini yake.

Jabali lililojipasua linataka jicho la fundi mawe. Lava hupasuka kwa mishipa, na vipande vyake bado vinaoana: ukivitazama vizuri unaona kwamba upande huu ungeingia kwenye upande ule kama vigae vya chungu kimoja. Nyufa zote zinaelekea upande mmoja. Kwenye lundo la mkono wa mtu hakuna kipande kinachooana na mwenzake.

Halafu kuna makaburi ambayo ni makaburi kweli, ila si ya kale. Wamasai zamani hawakuzika kila mtu. Laiboni, yaani kiongozi wa ibada na mtabiri, au mzee mwenye mali ndiye aliyefukiwa na kurundikiwa mawe, na apitaye njia huongeza jiwe lake. Lundo la namna hiyo linakua mwaka hadi mwaka. Wadatoga wa Mbulu na Hanang huwajengea wazee wao wakubwa bung'eda, mnara wa udongo unaojengwa kwa sherehe ya miezi mingi. Mvua ikishaumega hubaki mwinuko wa duara unaoweza kumpoteza hata mzoefu. Dawa yake ni moja, kuuliza. Mtafute mzee wa boma lililo karibu, mwamkie, keti, na usianze na swali la kaburi. Anza na majina ya vilima. Mwenyewe atakufikisha. Akikwambia "hapo amelala babu yake fulani", funga daftari la mambo ya kale, hilo ni kaburi la watu walio hai. Akikwambia "hayo tuliyakuta, hatujui ni ya nani", endelea kwa adabu ile ile.

Mambo hayo mawili huweza kukutana kwenye lundo moja. Kaburi la kale kando ya njia, wapitao wakaanza kulitupia mawe kwa kudhani ni la mwenzao. Kilele ni cha juzi, mawe madogo yanayolia. Ukingo ni wa kale, mzingo uliozama na udongo ulionaswa. Anayesoma kilele atasema jipya. Ndiyo maana tunarudia habari ya pembeni hadi watu wanatuchoka.

Shimo katikati ya lundo lina maana mbili. Chumba cha chini kikiporomoka, shimo huwa la kina kifupi, limeota nyasi, na mawe yanayolizunguka yameinamia ndani. Likiwa limechimbwa na wezi, kingo zake ni kali na mawe yamerushwa upande mmoja, kwa kawaida upande wa chini kwa kuwa ndiko kurusha ni rahisi, hata lundo likaonekana lina mkia. Upande wa Tanzania wizi huu unachochewa na hadithi za rupia na dhahabu iliyofichwa na Mjerumani. Hakuna dhahabu. Kuna mifupa iliyooza nusu na bakuli la jiwe ambalo, likishatoka mahali pake, halina la kumwambia mtu.

Mchimbaji mwingine ni muhanga. Anapochimba pango lake pembeni ya lundo hutoa udongo wa chini bure, na ni halali kuutazama: mkaa, kipande cha mfupa, kigae, obsidiani. Tazama, piga picha pamoja na rula, acha hapo hapo. Usichekeche. Wala usikimbilie kusema "obsidiani, kwa hiyo kaburi". Karibu na Naivasha na mlima Eburru vipande vya obsidiani vimetapakaa kama makombo ya mkate, na vinaweza kuingia kwenye lundo lolote pamoja na udongo. Na kabla ya kuingiza mkono kwenye nafasi yoyote kati ya mawe, piga mguu chini na upitishe fimbo. Kifutu hupenda mawe yenye joto, na hakimbii kama nyoka wengine. Nyuki nao huweza kuwamo.

Kuandika. Kila lundo lipe namba yake hata ukiwa na shaka nalo. Pima upana mara mbili, kaskazini-kusini na mashariki-magharibi, kwa tepe iliyonyooshwa juu ya fimbo, si iliyolalia mawe. Iliyolalia mawe huongeza hadi nusu mita. Kimo pima pande zote mbili za mteremko. Picha nne, moja kila upande, fimbo yenye alama za sentimita 20 ikiwa imesimama ukingoni. Mchoro wa 1:50 unatosha, sentimita 2 za karatasi kwa mita 1 ya ardhi. Chora mawe ya mzingo moja moja, ya ndani achana nayo. GPS ya simu hukosea mita 3 hadi 5, hilo si neno. Kosa baya ni la mfumo wa ramani. Ramani za zamani za 1:50,000 za Kenya na Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960, simu inasoma WGS84. Ukichukua nukta ya mfumo mmoja ukaiweka kwenye mwingine bila kubadilisha, kaburi linahama karibu mita 300, na kwenye miinuko hiyo maana yake limehamia ng'ambo ya korongo. Andika jina la mfumo kwenye kila ukurasa wa daftari, si kwenye jalada tu.

Kwenye safu ya aina usiandike "kaburi". Andika "lundo la mawe", halafu daraja: hakika, huenda, shaka. Hakika tunaitoa pale tu mzingo, kuzama na udongo ulionaswa vinapokubaliana, na mzee amesema walilikuta, hajui ni la nani. Umri usiuandike kabisa. Juu ya ardhi hakuna kipimo cha umri. Huo hutoka maabara, kwenye mfupa au mkaa uliochimbwa kwa kibali, na Kenya chini ya sheria ya turathi ya mwaka 2006, na Tanzania chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kuchimba bila kibali ni kosa. Orodha ipeleke Makumbusho ya Taifa au Idara ya Mambo ya Kale ikiwa na nukta kamili. Ukiwaonyesha watu wengine, mtandaoni au kwenye mkutano, taja tarafa tu. Wenye hadithi za rupia nao wanasoma.

Yale ya shaka ndiyo yanayostahili kurudiwa, na yarudiwe baada ya moto wa nyasi, ndani ya siku kumi kabla majani mapya hayajachomoza. Moto ukipita, mawe ya mzingo yaliyozama hubaki yamechomoza kama meno kwenye jivu, na mara nyingi lile ulilolipima mita 4 linatoka kuwa 6.